Dhamana ya Mwalimu: Kutoka Ijaza hadi Barua ya Pendekezo Katika Pwani ya Kusini

Profesa anapoandika barua kumpendekeza mwanafunzi wake wa uzamili apokewe kwa masomo ya uzamivu, na papo hapo akabidhiwe darasa la kufundisha, wengi wetu huliona tendo hilo kuwa utaratibu wa ofisi ulioletwa na vyuo vikuu. Ni fomu, sahihi na mhuri, pamoja na maneno ya sifa ambayo yangeweza kuandikiwa mtu yeyote. Fikira hiyo inaipunja historia. Katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani, kupita Msambweni na Gazi, hadi Shimoni, Wasini na Vanga, mwalimu kumdhamini mwanafunzi ili naye asomeshe ni desturi iliyotangulia chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki. Jina lake ni ijaza. Ninachodai ni hiki: ijaza iliweza kueneza elimu katika vijiji visivyokuwa na bodi ya mitihani wala serikali ya kuwapima wasomi, kwa sababu mwalimu aliweka jina lake rehani mbele ya watu waliomjua. Barua ya siku hizi imedhoofika kwa kadiri ilivyoliacha sharti hilo, na anayetaka kuiponya hana haja ya kutafuta dawa mbali na mwambao huu.

Tuanze na mwambao wenyewe. Penye mlango wa mto Mwachema, baina ya Tiwi na Diani, upo msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe karne kadhaa zilizopita na ambao hadi leo huswaliwa. Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, palikuwa na mji wa Vumba Kuu, ambao habari za watawala wake, walioitwa madiwani, zilikusanywa na Mwingereza Alfred Claud Hollis na kuchapishwa mwaka wa 1900. Habari hizo zinaonyesha jinsi masharifu wenye asili ya Hadhramaut walivyochanganyika na watu wa Vumba hata wakaushika udiwani wenyewe, kiasi kwamba elimu ya dini na heshima ya nasaba ziliingia Wasini na Vanga kwa mlango mmoja. Kisha mwaka wa 1837 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, akaivunja nguvu ya Wamazrui wa Mombasa. Tawi moja la ukoo huo likaenda Takaungu, jingine likaweka makao Gazi, ambako Mbaruk bin Rashid alikuja kutawala mpaka vita vyake na Waingereza vya 1895 na 1896 vilipomlazimisha kukimbilia himaya ya Wajerumani. Kwa hiyo miji hii midogo ya karne ya 19 ilikuwa na wasomi na vitabu, na jamaa zake walienea Mombasa, Unguja na Arabuni. Kazi iliyobaki ilikuwa kuifikisha elimu hiyo kwa Wadigo wa vijijini, watu wasiokuwa na nasaba ya kisharifu wala ya Kimazrui ya kuwafungulia mlango.

Mlango ulifunguliwa na muundo wa masomo yenyewe. Mtoto alianza chuoni kwa juzuu, akahitimu msahafu, na wengi waliishia hapo. Aliyetaka kuendelea alikaa darasani kwa sheikh, msikitini au barazani: Ajrumiya kwa nahau ya Kiarabu, Safina na baadaye Minhaji ya Imamu Nawawi kwa fiqhi ya Kishafi, Jalalaini kwa tafsiri ya Kurani. Mwanafunzi alisoma matini kwa sauti, sheikh akasikiliza, akasahihisha, akafafanua. Aliporidhika naye, alimpa ruhusa, kwa kinywa au kwa maandishi, kukisomesha kitabu kile. Hati ya ijaza kwa kawaida ilimtaja mwanafunzi, ikataja kitabu au fani aliyoruhusiwa, ikapanga silsila ya walimu kutoka kwa sheikh huyo kurudi nyuma hadi kwa mtunzi, na ikafunga kwa wasia wa kumcha Mungu katika amana aliyopewa. Hati ya namna hiyo haikuwa na haja ya kusema kwamba kijana ni hodari, mchapakazi na mwenye tabia njema kisha ikaishia hapo. Ilisema anajua nini, nani alimsikia akikisoma, na sasa ana idhini ya kufanya nini. Mwanahistoria George Makdisi, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1981, alidai kwamba idhini ya kufundisha ya Waislamu ndiyo iliyozaa udaktari wa vyuo vikuu vya Ulaya. Wapo waliompinga, na ubishi wao hauhitaji kumalizwa hapa. Ziwe na ukoo mmoja au zisiwe nao, desturi hizo mbili zilikubaliana kwamba kilele cha kusoma ni ruhusa ya kusomesha.

Ruhusa hiyo ilikuwa na uzito gani nje ya msikiti? Historia ya Wadigo inatupa jibu. David Sperling, katika tasnifu ya udaktari aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1988, alifuatilia kukua kwa Uislamu miongoni mwa Wamijikenda kati ya 1826 na 1933. Wadigo walisilimu kwa wingi kuliko ndugu zao wengine wa Kimijikenda, na kazi hiyo ilibebwa kwa sehemu kubwa na walimu wa vijijini, bila dola ya kuwalazimisha watu. Lakini mwalimu wa kijiji hakuishia kusomesha Kurani. Alifungisha ndoa, aliosha na kuzika maiti, na aliulizwa jinsi ya kugawa mirathi. Hapo ndipo elimu yake ilipogusa mali. Kwa ada ya Wadigo urithi ulifuata upande wa mama, ukaenda kwa watoto wa dada wa marehemu. Kwa sheria ya Kiislamu watoto wake mwenyewe wana mafungu yao. Mvutano kati ya njia hizi mbili ulipita mashamba na minazi ya mwambao mzima, ukaendelea hadi enzi ya ukoloni na baada yake. Mtu aliyedai anajua faraidhi alikuwa akiamua ni mtoto au mpwa atakayebaki na shamba. Katika hali hiyo, kumuuliza mwalimu amesoma kwa nani na amesoma kitabu gani kulikuwa kinga ya wanyonge. Kijiji kisichojua Kiarabu hakikuweza kuupima ujuzi wake moja kwa moja, lakini kiliweza kumpima aliyemdhamini.

Mfumo huo ulishikamana kwa sababu waliodhamini nao walidhaminiwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1891, alisoma kwa jamaa yake Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka kwenda Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, wanavyuoni ambao silsila zao zilifika Makka na Hadhramaut. Aliporudi alisomesha, akaanzisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka wa 1947. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968, aliandika kitabu kizima juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Ukikisoma utaona kwamba kila mtu anatambulishwa kwa waliomsomesha na aliowasomesha. Hilo ndilo lililokuwa daftari la uthibitisho la mwambao. Serikali ya kikoloni ilipoweka mahakama za makadhi, maliwali na mamudiri kwa kanuni za 1897, haikuwa na kipimo chake yenyewe cha fiqhi. Ililazimika kusikiliza wanazuoni wanasemaje juu ya mwenzao. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 170, haimtaki kadhi awe na shahada fulani. Inataka awe na ujuzi wa sheria ya Kiislamu unaomstahilisha kwa maoni ya Tume ya Huduma za Mahakama. Na tume, kama kijiji cha Tiwi, haina budi kuuliza wanaojua.

Msomaji anaweza kunijibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msomi wa kweli ana haja gani ya kupigiwa debe? Methali hiyo ni ya haki sokoni, ambako mnunuzi hulishika embe akajua limeiva. Elimu ni tofauti kwa sababu anayeihitaji zaidi ndiye asiyeweza kuipima. Mgonjwa hawezi kumtahini daktari, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kujua kama mhadhiri wake ameielewa fani anayoifundisha. Kati ya mjuzi na mhitaji lazima awepo wa tatu ambaye anajua na anaaminika. Barua ya pendekezo ikifanya kazi hiyo, inatimiza jambo ambalo alama za mtihani pekee haziwezi kulitimiza. Isipoifanya, ni karatasi tu, hata iwe na nembo ya chuo gani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mtetezi wa ijaza hana ruhusa ya kulikwepa. Desturi hiyo haikuwa safi. Katika nchi za Kiislamu za zama za kati wazazi waliwatafutia ijaza watoto wachanga ambao hawakuweza kusoma hata herufi moja, ili wapate tu kuunganishwa na silsila tukufu. Wanazuoni wenyewe walibishana kama ijaza ya namna hiyo ina thamani. Katika Bahari ya Hindi, utafiti wa Anne Bang juu ya mtandao wa masharifu wa Alawiyya unaonyesha jinsi elimu, tarika na udugu wa damu vilivyosukwa pamoja, na mtu aliyezaliwa nje ya masharifu alianza safari akiwa nyuma. Wanawake, ambao wamesomesha watoto wengi vyuoni, hawapati nafasi inayowastahili katika vitabu vya wasifu wa wanavyuoni. Haya yote ni kweli. Lakini tazama kasoro hizo zilipoingia: ziliingia pale ambapo kusikilizwa kuliachwa, na nasaba au baraka ikachukua nafasi yake. Na dawa yake ilitoka ndani ya desturi ileile. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh wa Lamu, sharifu mwenyewe, aliwafungulia darasa lake watu wa tabaka la chini na wenye asili ya utumwa, na kutoka kwenye darasa hilo ukakua msikiti na chuo cha Riyadha. Kwa Wadigo pia, kule ruhusa kuandamana na kitabu ndiko kulikomwezesha mtu asiye na ukoo mkubwa kusimama kama mwalimu. Nasaba haisomeki darasani, kitabu husomeka. Desturi inayotaka ushahidi ulio wazi humpa mnyonge njia ya kupita. Inayoridhika na sifa za jumla humwacha mwenye jina kubwa apite peke yake.

Shule ya kikoloni ilileta kipimo kingine, cheti cha mtihani, na kilikuwa na wema wake. Mtihani uliosahihishwa Cambridge haukujua mtahiniwa ni mtoto wa nani. Tatizo ni kwamba haukujua mengine mengi pia. Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Al-Amin, alimaliza sekondari Mombasa akiwa na matokeo yasiyotosha kumwingiza Makerere. Alifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyofahamika kama MIOME, na hotuba aliyoitoa kwenye Maulidi mbele ya gavana ndiyo iliyomfungulia njia ya ufadhili kwenda kusoma Uingereza. Alipata shahada Manchester mwaka wa 1960, uzamili Columbia mwaka wa 1961, akafundisha Makerere, chuo kilekile kilichokuwa kimemfungia mlango, akawa profesa wa huko mwaka wa 1965, na Oxford ikampa udaktari mwaka wa 1966. Wapo watakaosema huo ulikuwa upendeleo wa mtoto wa Kadhi Mkuu. Hapana shaka jina lilimsogeza karibu na jukwaa. Lakini jukwaani alisikilizwa na umati, kwa sauti yake, juu ya jambo alilolijua, na hicho ndicho kiini cha kusikilizwa darasani. Cheti kilipima siku chache za kijana yule. Waliomsikia walipima kitu ambacho cheti hakikukiona, na maisha yake yakawathibitishia.

Leo jambo hili limekuwa la haraka zaidi. Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliweka vigezo vilivyotaka mhadhiri awe na uzamivu, ikatoa muda wa miaka mitano wa kuvitimiza. Kwa hatua hiyo uzamivu ukarudi kuwa ulivyokuwa ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha, na barua ya kumpeleka mwanafunzi kwenye uzamivu ikawa pia barua ya kumkabidhi darasa la kesho. MIOME yenyewe imekua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, chenye kampasi katika kaunti ya Kwale, ndiyo kaunti ya mwambao huu, na Pwani kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Vyote viwili vinahitaji wahadhiri. Nao watafiti hawajawahi kuiacha Kwale. William McKay aliandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Boston mwaka wa 1975 juu ya historia ya pwani hii ya kusini, na baada yake akaja Sperling. Msambweni imekuwa kwa miongo mingi uwanja wa utafiti wa kichocho. Tasnifu nyingi zimebebwa kutoka hapa zikaenda kumpatia mtu kiti cha kufundisha mbali.

Gazi inatuonyesha kwamba inaweza kuwa vingine. Ghuba yake ina mikoko inayozidi hekta 600, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo hapo. James Kairo, mwanasayansi wa taasisi hiyo, alipata udaktari wake Brussels mwaka wa 2001 kwa utafiti juu ya ikolojia na urejeshaji wa mikoko ya Kenya, na tangu hapo ghuba imekuwa darasa la wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu, wa Kenya na wa nje. Kutokana na elimu hiyo ulizaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao kupitia kwake tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yake husaidia maji na shule. Mwanafunzi anayekuja Gazi akiwa na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi bado lazima ajitambulishe kwa maafisa wa kaunti, kwa chifu na kwa wazee wa kijiji. Ndipo hufunzwa na wavuvi na wakata boriti kuutofautisha mchu na mkandaa, na kujua maji makuu ya bamvua yanafika wapi. Kwa maneno mengine, kijiji nacho humsikiliza na kumsomesha. Barua ya profesa inayomsifu mwanafunzi huyo bila kuwataja watu hao imekata silsila ikiwa mbichi.

Litabaki pingamizi moja, la wakuu wa vyuo: barua ya pendekezo ni siri ili profesa aseme kweli bila hofu, ilhali ijaza ilibebwa na mwanafunzi mwenyewe mkononi. Kweli, siri humlinda msema kweli. Lakini humlinda pia mvivu anayebadilisha jina juu ya barua ya mwaka jana, na mwenye chuki anayemchoma mtu asiyeweza kujitetea. Sheikh hakuhitaji siri kwa sababu alikuwa na njia iliyo nyoofu zaidi: mwanafunzi ambaye hakuridhika naye hakumpa ijaza, bali alimwambia arudi asome tena. Kunyima kulikuwa sehemu ya ukweli wa kutoa. Profesa anayemwandikia kila anayemwomba, kwa kuona haya au kwa kutaka idadi, anapunguza thamani ya jina lake, na hasara ya kwanza huwafika wanafunzi wake walio bora, ambao sifa zao hazitofautiki tena na za wengine.

Kwa hiyo siombi vyuo vikuu vya Pwani viige hati za kale. Naomba viyarudishe masharti yaliyozifanya hati hizo ziaminike. Barua itaje mwanafunzi amesoma nini hasa mbele ya mwandishi, na wapi alikosea akajisahihisha. Itaje amewahi kumfundisha nani na jinsi wanafunzi wale walivyomwelewa, maana mtu hawezi kudhaminiwa kufundisha na asiyemwona akifundisha. Itaje waliomsomesha wote, pamoja na wazee wa Gazi na Msambweni ambao hawana shahada. Na mwandishi akubali kuulizwa baadaye, mwanafunzi wake akishika darasa, kama alisema kweli. Haya ni magumu kwa profesa mwenye wanafunzi wengi na muda mfupi, nami nayataka hata hivyo, kwa sababu wapo watakaolipia wepesi wake. Ni vijana wa Kwale watakaokaa mbele ya mhadhiri huyo miaka mingi bila uwezo wa kumpima. Wao, kama mababu zao waliouliza nani arithi shamba, wanastahili kujua kwamba aliyesimama mbele yao amedhaminiwa na mtu anayemjua.